Fimbo ya Mokaya Yaenda Homa Bay

Mokaya alikuwa fundi cherehani wa Rongo, mtu wa maneno machache na pini mdomoni, na kwa muda wote aliokuwa kwenye kazi hiyo hakuwahi kujitengenezea kitu. Sare za shule alishona yeye. Suti za maharusi, kanzu za kwaya, mapazia ya nyumba ambazo hakuwahi kuingia, vyote vilipita mikononi mwake vikaenda kwa wenyewe. Yeye alivaa mashati ya mitumba. Kwa hiyo siku alipokwenda kwa Okari seremala akasema anataka atengenezewe fimbo ya pool, ya kipimo chake yeye na si cha mtu mwingine, Okari aliweka randa chini akamtazama vizuri, maana aliona kwamba mtu huyu hakuja na jambo dogo.

Okari alikuwa seremala wa vitanda. Fimbo ya pool hakuwahi kuitengeneza, lakini alisema kitanda ni miguu minne na fimbo ni mguu mmoja, kwa hiyo robo ya kazi. Akampima Mokaya mkono, akampima kifua, akamwambia ainame juu ya benchi kana kwamba anapiga mpira, kisha akamzunguka taratibu huku amefumba jicho moja. Mokaya, ambaye siku zote alikuwa yeye anayepima wengine, aliona haya kidogo kupimwa. Aliona raha pia.

Fimbo ilipotoka, ilikuwa kitu cha kutazamwa. Nusu ya nyuma ilikuwa nyeusi, mbao ya mguu wa kiti cha kale ambacho Okari alikataa kusema kilikuwa cha nani. Nusu ya mbele ilikuwa nyeupe kama jino. Katikati palikuwa na pete ya shaba, na pale ndipo ilipofunguka ikawa vipande viwili, ukivikaza tena hungeona kiungo. Mokaya alishona mfuko wake mwenyewe, wa kitambaa cha suti, wenye bitana ndani, akaivalisha fimbo akaibeba mpaka kwa Noor.

Noor alikuwa mfanyabiashara wa Kisomali aliyekuja Rongo kuuza mabati na misumari. Nyuma ya duka lake aliweka meza ya pool, akaweka na sufuria kubwa ya chai ya tangawizi, na hapo ndipo wachezaji wa mji walipokuwa wakikutana mchana kazi zikipungua. Pombe haikuingia. Mwenyekiti wao alikuwa Mzee Maranga, dereva mstaafu aliyebeba miwa ya Awendo kwa lori mpaka mgongo ukakataa. Maranga mwenyewe hakuwa mchezaji mzuri, ila alijua kuongea kuhusu mchezo kuliko wachezaji, na watu walimheshimu kwa hilo.

Siku hiyo hakuna aliyecheza. Fimbo ilipita mkono kwa mkono. Mmoja aliinusa. Mwingine aliuliza kama inaweza kushikwa na mtu ambaye hajanawa. Mzee Maranga aliiinua mpaka usawa wa jicho, akaitazama toka mwanzo hadi mwisho kama anayetazama barabara, kisha akatangaza kwamba sasa Rongo inaweza kuwajibu watu wa Homa Bay.

Watu wa Homa Bay walikuwa wameomba mechi zamani. Walitaka mchezaji mmoja kutoka kila upande, mchezo mmoja tu, aliyeshinda ameshinda. Wao mchezaji wao alikuwa Japheth Wangwe, fundi wa friji anayewatengenezea wauza samaki friji zao pale karibu na ufuo. Rongo walikuwa wakikwepakwepa. Sasa wakakubali, na wakapanga iwe Jumapili ya mwisho wa mwezi, alasiri, kwa kuwa Mokaya alikuwa Msabato na Jumamosi hangegusa chaki hata kwa kusukumwa.

Mambo yangekwisha hapo, watu wangecheza, mmoja angeshinda, kama isingekuwa Dorah.

Si kwamba Dorah alikuwa mbaya. Dorah aliuza omena, dagaa wa ziwani, pale Rongo, na omena alizinunua Homa Bay, kwa hiyo kila wiki alikwenda na kurudi, na mtu anayekwenda na kurudi huulizwa habari. Alirudi siku moja na magunia yake, akapitia kwa Noor kunywa chai, wakamuuliza kama ameiona fimbo ya Wangwe. Akasema ameiona. Ikoje? Akasema ni nzuri, ina pete za shaba.

Mzee Maranga akauliza kama ni pete moja au zaidi. Dorah akafikiri akasema ni zaidi, maana yule ni fundi friji, mabomba ya shaba anayo tele.

Mokaya alitazama pete yake moja. Jioni ile Noor alipokuwa akifunga duka alimkuta amesimama kwenye rafu ya vifaa vya bomba, anajaribisha pete kwenye kidole.

Fimbo ikarudi kwa Okari. Ilitoka na pete kuanzia kiungo mpaka mkiani, na baina ya pete na pete Okari aliweka vipande vya pembe ya ng'ombe, kwa sababu alisema nafasi tupu inaonekana kama umaskini. Ilikuwa nzito kidogo. Maranga alisema uzito ni mzuri, gari tupu huruka barabarani.

Dorah akaenda Homa Bay, na huko naye akaulizwa, na yeye si mtu wa kuficha. Akaeleza pete na akaeleza pembe. Aliporudi alileta habari kwamba Wangwe amefunga kipimajoto kwenye fimbo yake, kile cha friji, ili ajue joto la mkono wake kabla ya kupiga. Mkono ukiwa na joto la kuzidi, Wangwe anasema, mpira unapita kushoto.

Jambo hili lilijadiliwa kwa Noor kwa siku kadhaa. Wengine walisema ni upuuzi. Wengine walisema upuuzi au si upuuzi, yeye anajua joto la mkono wake na sisi hatujui la kwetu. Mwishowe Noor mwenyewe, ambaye kwa kawaida hakuingilia mambo ya mchezo, alitoka na pima maji ya waashi, ile yenye kiputo cha hewa ndani ya kioo, akauliza kwa upole kama si vyema mchezaji ajue fimbo yake imelala sawasawa. Okari akaichimbia nafasi na kuipachika mgongoni mwa fimbo. Mokaya aliinama akaangalia kiputo kikitulia katikati, akasema hajui aliishije bila hiyo.

Lakini fimbo sasa ilikuwa inalemea mbele. Okari akapendekeza uzito wa nyuma. Mokaya akaenda nyumbani akafungua gurudumu la cherehani yake ya zamani, lile la chuma, mkewe Eucabeth akimtazama tu, akalileta likafungwa mkiani. Sasa fimbo ikalemea nyuma. Ikabidi mbele paongezwe urefu, na urefu ulipoongezeka ikabidi katikati pakazwe kwa vyuma viwili vyembamba, na vyuma vile vilionekana vibaya, kwa hiyo Mokaya akavishonea kitambaa cha mahameli chekundu chenye vifungo.

Habari zilizotoka Homa Bay hazikuwa za kutuliza moyo. Wangwe ameweka mpini wa mlango wa friji, wa kushikia. Wangwe amezungusha bomba la shaba toka mwanzo hadi mwisho na ndani yake anatia maji baridi. Wangwe ameweka taa, ukiifungua fimbo inawaka, ukiifunga inazima. Kila mara Dorah alisema hivyo hivyo alivyoona, na kila mara wachezaji walimtazama Mokaya, na Mokaya alikwenda kwa Okari. Dorah mwenyewe alianza kuogopa kunywa chai pale. Alimwambia Eucabeth kwamba anahisi kama anayebeba ugonjwa toka mji huu kwenda mji ule, ila hajui aseme nini, kwani fimbo anazionyeshwa kwa nguvu.

Juma la mwisho kabla ya mechi, Mzee Maranga aliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Aliuliza kama Mokaya ameshaipiga mipira kwa fimbo ile.

Hakuwa ameipiga. Hata zamani, ilipokuwa na pete moja, hakuwa ameipiga, kwa sababu chaki ingeichafua. Mazoezi yote alikuwa akiyafanya kwa fimbo ya Noor, ile iliyopinda, ambayo wachezaji wa Rongo waliizoea kiasi kwamba walilenga kando ya mpira makusudi.

"Basi ipige sasa," Maranga akasema.

Wakajaribu. Mokaya aliweka ncha juu ya mkono wa kushoto, akashika penye mahameli kwa mkono wa kulia, na mkia wa fimbo ukashuka taratibu mpaka ukagusa sakafu, ncha ikielekea darini. Akajaribu tena. Ukashuka tena. Okari ikabidi apite nyuma na kuinua mkia kwa mikono miwili, na hapo Mokaya akavuta, akasukuma, mpira mweupe ukaenda ukagonga ukuta wa meza ukarudi. Haukugonga kitu, ila ulikwenda umenyooka. Wote waliliona hilo. Maranga alisema gari lolote la mzigo huwa na dereva na turniboi wa kumsaidia, hakuna cha ajabu hapa, Okari atakwenda Homa Bay kama turniboi.

Jumapili walisafiri na pikapu ya Noor. Fimbo haikuweza tena kufunguka, kwa hiyo ilifungwa juu ya kichwa cha gari, na mkia uliotokeza nyuma ukafungwa kitambaa chekundu kama desturi ya mbao ndefu. Njiani walisimamishwa na polisi wa barabarani, kijana mrefu mwenye adabu, akauliza wamebeba nini. Maranga akamwambia ni fimbo ya pool. Polisi akaizunguka. Aliuliza vifungo ni vya nini. Mokaya akamweleza. Aliuliza ile pima maji ni ya nini, Mokaya akamweleza, na polisi akapanda kwenye gurudumu la gari akachungulia kiputo, akawaambia kwa masikitiko kwamba hapa barabara imeinama. Kisha akawatakia heri wakaenda.

Ukumbi wa Homa Bay ulikuwa karibu na ziwa, bati juu na madirisha makubwa, watu wamejaa mpaka mlangoni. Refa alikuwa Kultum, mama wa duka la vitambaa. Alikuwa hajawahi kucheza pool wala kutamani. Homa Bay walimtaka kwa kuwa ni jirani yao, Rongo walimkubali kwa kuwa Mokaya hununua vitambaa kwake na anajua kwamba hapunguzi hata inchi wala haongezi. Wangwe alikuwa amempa kanuni za mchezo zilizochapishwa, naye Kultum alikuwa amezisoma zote kwa makini, kama mtu anayesoma masharti ya nyumba ya kupanga.

Fimbo ya Rongo ilipoingia kupitia dirishani, maana mlango ulikataa, watu waliinua shingo. Halafu pazia la upande wa pili likafunguliwa, na wanaume wanne wakatoka na fimbo ya Wangwe. Mokaya alisimama akaitazama. Ilikuwa inang'aa. Bomba la shaba lilikuwa limeizunguka kama nyoka, mpini wa friji ulikuwa katikati, taa ilikuwa inawaka, na chini yake palikuwa na gurudumu dogo la kitoroli ambalo hata Dorah hakuwa na habari nalo. Mokaya alisikia wivu, lakini haukukaa. Kilichobaki kilikuwa kitu kama huruma, kwa sababu aliona jinsi kazi ile ilivyofanywa kwa uangalifu, kila kona imeunganishwa vizuri, na akajua kwamba mtu huyu naye hajalala.

Wangwe alikuwa mfupi, mnene, mwenye miwani. Alikuja akamsalimia kwa mikono miwili, kisha akaomba kuuliza kitu.

"Omera, ndugu yangu, hii mahameli umeishonaje bila mshono kuonekana?"

Mokaya akamwonyesha. Wangwe akamwonyesha kipimajoto. Walikaa hivyo mpaka Kultum akagonga meza kwa futi yake ya kupimia vitambaa, akasema watu wanasubiri.

Ilikuwa zamu ya Mokaya kuvunja, mpigo wa kwanza wa kutawanya mipira. Aliinama, na Okari akapita nyuma kushika mkia.

"Hapana," Kultum akasema. "Kanuni inasema mchezaji asisaidiwe na mtu wa upande wake."

Zogo likaanza. Mzee Maranga alieleza habari ya dereva na turniboi. Kultum alimsikiliza hadi mwisho akasema haijaandikwa humo. Watu wa Homa Bay wakacheka, lakini kicheko kilikatika walipotazama fimbo yao na kukumbuka wale wanaume wanne. Mokaya alijaribu peke yake, ncha ikapanda juu ikapasua balbu. Wangwe naye akaomba ajaribu, fimbo yake ikateleza kwenye kile kigurudumu ikamburuta mpaka dirishani. Wakakaa chini wote wawili.

Ndipo Wangwe akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Mama Kultum, kanuni inasema mtu asisaidiwe na mpinzani wake?"

Kultum akazisoma kanuni tena, mbele na nyuma, ukumbi mzima ukisubiri.

"Haisemi," akasema.

Hivyo ndivyo mechi ilivyochezwa. Mokaya alipopiga, Wangwe alishika mkia wa fimbo yake. Wangwe alipopiga, Mokaya alishika wa Wangwe. Mwanzoni kila mmoja alishika kama anayeshika mzigo wa mtu asiyemjua, mbali na mwili. Mokaya alivunja, mipira ikatawanyika, mmoja ukaingia, na watu wa Rongo wakapiga makofi kisha wakasita, hawajui kama wanampigia na Wangwe pia. Wangwe kabla ya kupiga alikwenda akaingiza ncha ya fimbo ndani ya friji ya soda, wote wakangoja mpaka kipimajoto kikashuka alipotaka. Mokaya alikaa pale amekumbatia mkia, na akaona kwamba si kazi mbaya. Ukiwa nyuma unaona mstari wote. Mtu anayepiga huona mpira, anayeshika mkia huona fimbo, mpira, shimo na kosa, vyote pamoja.

Walicheza polepole. Kila shuti lilihitaji watu wawili kukubaliana, na kukubaliana kulihitaji maneno. Wangwe angesema inua kidogo. Mokaya angesema hapo. Wangwe angesema kiputo chako kinakwenda kulia, omera, ngoja. Alikuwa mwaminifu, hakuushusha mkono hata mara moja, na mara mojawapo Mokaya alipojikwaa Wangwe alibeba fimbo nzima peke yake, mishipa ya shingo imemtoka, mpaka Mokaya akasimama vizuri. Watu wa Homa Bay walianza kumzomea mchezaji wao kwa kumsaidia adui. Maranga naye alimwita Mokaya pembeni akamkumbusha, kwa sauti ya chini, kwamba mkia unaweza kuponyoka mkononi mwa mtu yeyote, hasa mkono ukiwa na jasho. Mokaya alimwambia mkono wake hauna jasho. Alikuwa amekwisha kuupima kwa kipimajoto cha Wangwe.

Jua lilikuwa limeanza kulainika juu ya ziwa wakati mezani palipobaki mpira mweupe na mweusi tu, na atakayeutia mweusi ndiye mshindi. Zamu ilikuwa ya Mokaya. Alilenga shimo la kona, Wangwe akashika kwa dhati, Mokaya akapiga, na mweusi ukaenda ukagusa mdomo wa shimo ukakataa kuingia. Ukarudi katikati. Rongo wakashika vichwa. Kosa lilikuwa la Mokaya, na alilijua: aliangalia kiputo badala ya mpira.

Wangwe akainama. Mokaya akachukua nafasi yake nyuma, akauinua mkia mpaka kifuani, akaangalia mstari. Akaona mara moja kwamba Wangwe amekosea. Si sana. Fimbo ilikuwa imeelekea kulia upana wa uzi. Wangwe akipiga hivyo, mweusi utapita kando ya shimo ukaenda kusimama mbele ya shimo la pembeni, na Mokaya atautia hata akiwa amefumba macho. Alichotakiwa kufanya ni kutulia tu. Hakutakiwa kudanganya wala kuponyokwa na kitu. Alitakiwa ashike kama alivyokuwa ameshika.

Wangwe akavuta mkono nyuma.

Mokaya alisimulia baadaye, mara nyingi, kwa watu wengi waliokasirika, na kila mara alisimulia vilevile. Alisema mteja akisimama mbele yako na kola yake imepinda, huulizi ni mteja wa nani. Mkono unakwenda wenyewe. Mkono wake ulikwenda wenyewe, ukausogeza mkia kulia upana wa uzi, na fimbo ikateleza mbele, na mweupe ukaugonga mweusi kwa sauti ndogo kavu, na mweusi ukaenda moja kwa moja ukatumbukia bila kugusa ukingo wowote. Hakuwahi kupiga shuti safi kama lile, wala hakuwahi kuona likipigwa.

Homa Bay wakalipuka. Wangwe peke yake hakufurahi. Aligeuka taratibu akamtazama Mokaya kupitia miwani yake, na Mokaya akatazama chini.

"Ni wewe umeipiga," Wangwe akasema.

"Uliinama wewe."

"Nilikuwa nakosa. Nilisikia ikisogea."

Akaenda kwa Kultum akamwambia hivyo, mbele ya watu wake, nao nusura wamtupe ziwani. Mzee Maranga alipolisikia alisimama akadai ushindi: kama aliyeutia mweusi ni Mokaya, basi Mokaya ameshinda, jambo liko wazi. Watu wa Homa Bay wakajibu kwamba kama ni Mokaya basi amepiga wakati si zamu yake, kwa fimbo isiyo yake, hilo ni kosa, kwa hiyo bado ameshindwa. Mtu mmoja akasema waliopiga ni wote wawili na kwa hiyo miji yote miwili imeshinda, na pande zote zikamtazama kwa chuki sawa. Kultum alisikiliza kila mtu. Kisha akakunja kanuni zake akazitia kwenye mkoba. Alisema kanuni inamjua anayeshika mbele tu, anayeshika nyuma haijamtaja, na yeye hawezi kumpa ushindi mtu ambaye hayupo kwenye karatasi. Wangwe ameshinda. Akaenda kufungua duka lake.

Kurudi Rongo, Noor aliendesha. Okari alilala. Mzee Maranga alikaa dirishani uso umegeuka nje, na walipofika karibu na mji alisema neno moja tu, kwamba katika maisha yake ya barabara amebebea watu miwa, mawe na maiti, lakini hajawahi kuona mtu akimbebea mwenzake ushindi mpaka mlangoni. Mokaya alikubali kwamba ndivyo ilivyokuwa. Alitaka kuonyesha majuto lakini uso ulikataa. Kila alipofumba macho aliona mweusi ukitumbukia.

Eucabeth alikuwa anapika alipoingia. Alimuuliza nani ameshinda.

"Homa Bay."

Eucabeth akampa pole, akageukia sufuria. Alipogeuka tena alimkuta mumewe amesimama katikati ya jiko, ameinua mwiko kifuani kwa mikono miwili, anausogeza kulia kidogo sana, anasimama, anaurudisha, anausogeza tena.

"Baba Nyasuguta, unafanya nini?"

"Nakuonyesha nilivyoutia mweusi."

"Si umesema wameshinda wao?"

"Wameshinda wao. Aliyepiga ni mimi."

Eucabeth akamwomba amrudishie mwiko, ugali unaungua.

Wiki ile Rongo haikumsalimia vizuri. Kwa Noor walikaa kikao cha kumfuta timuni, Mzee Maranga akiwa ameandaa maneno yake, lakini kikao hakikufika mwisho, kwa sababu kila aliyesimama kumlaumu Mokaya aliulizwa aeleze kosa lenyewe, na kulieleza kulimlazimu aonyeshe shuti, na kulionyesha kulihitaji mtu wa kushika mkia. Mpaka saa ya kufunga duka walikuwa wakishikiana mikia kuzunguka meza nzima, Maranga akiwaelekeza. Okari aliondoka pale na maagizo ya fimbo nyingine, watu wakitaka nyuma pawekwe mahali pazuri pa kushika kwa ajili ya mpinzani.

Siku ya Alhamisi simu ya Mokaya ililia akiwa anapinda suruali ya mtu. Alikuwa Wangwe. Walisalimiana kirefu, wakaulizana habari za nyumbani, wakaulizana habari za fimbo. Kisha Wangwe akasema kuna shuti moja, mweupe uko hapa na mwingine uko kule nyuma ya mwingine, amelijaribu tangu asubuhi na haliingii. Amejaribu kushikiwa na watu wa kwao. Hawaoni.

Mokaya alitoa pini mdomoni. Aliuliza kama ni mechi nyingine, ili awaarifu wenzake.

"Si mechi," Wangwe akasema. "Njoo tu ushike."

Mokaya aliangalia suruali, akaangalia nje. Akaitundika suruali kwenye msumari, akafunga kibanda, akaenda kutafuta gari la Homa Bay.